Anayekaa Kwenye Theluji

Alhamisi, 12 Januari 2023

Leo tumemshusha Wendelin. Namaanisha kikombe chake – yeye mwenyewe hashushiki bila winchi.

Mara ya tatu hii. Ya kwanza Desemba, ya pili wiki iliyopita, na leo juu kabisa, mbele ya kituo cha kabini za kamba ya waya, watu wote wanaona. Alijaribu kuinama afunge mikanda ya ubao wake wa theluji, tusimsingizie. Tumbo likatangulia, mikono ikabaki njiani, uso ukawa rangi ya kabichi nyekundu. Mkanda wa juu ya kifundo ameushika kwa ncha za vidole. Ule wa mbele, nadhani hajauona tangu Krismasi. Kisha – puu – matako kwenye theluji, ubao umemtegemea magotini kama sinia. Nikavua kofia, kama tuko mazishini.

"Ya tatu hiyo," nikamwambia. "Hata mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na nne najua kuhesabu mpaka tatu."

"Nilikuwa napumzika tu, Gebhard."

"Umepumzika na mkanda mkononi."

Ottmar akatoa daftari la chama chetu akaandika. Alikuwa mtu wa posta miaka arobaini, bado anapiga mihuri kichwani. Fidel akatazama milima. Fidel hutazama milima kila mtu anapochinjwa.

Sheria ni yangu mimi. Niliileta mkutano wa Novemba, ikapita kura tatu kwa moja. Inasema hivi: mwanachama afunge mikanda ya vifungio vya ubao wake akiwa amesimama. Akikaa kwenye theluji mara tatu msimu mmoja, kikombe chake kinashushwa msumarini, uanachama umekwisha. Akiteremka kwa kabini ni sawa na kukaa mara tatu. Na haibadilishwi mpaka mkutano mwingine wa Novemba. Ottmar akaipiga chapa nakala mbili, moja akaipeleka wilayani, ikagongwa muhuri. Tulikuwa kumi na mmoja mwaka wa 1987, vijana wa kwanza wa bonde hili kuteremka na ubao mmoja badala ya skii mbili. Padre alitusema mimbarini. Jana tulikuwa wanne. Leo watatu.

Neno "mikanda" nililiweka makusudi. Nilikuwa nimemwona Wendelin kwenye dirisha la duka la binti yake, anavitolea macho vile vifungio vipya visivyo na mkanda hata mmoja. Unakanyaga, vinalia, unaondoka. Mimi naviita kanyaga-twende. Nikajua anachowaza. Nikamfungia mlango kabla hajaufikia.

Kibandani tunakokula supu, Notburga mwenye kibanda hakutaka kukishusha kikombe. "Mkishushe wenyewe," akasema, "mimi napika." Nikapanda kwenye benchi nikakishusha mimi. Akakijaza chai ya ramu, Wendelin akainywa wima kama mtu anayengoja basi, maana meza ya kona ni ya wanachama. Nikamwonyesha meza za wageni. Hakwenda. Akateremka kwa kabini pamoja na watoto wa Kiholanzi, kikombe kifuani ndani ya koti.

Nimecheka mpaka nyonga ikaniuma.

Jumamosi, 14 Januari

Nyonga bado. Si ya kucheka ile.

Asubuhi soksi ya kushoto ilikuwa sakafuni na mimi nilikuwa kitandani, na kati yetu palikuwa mbali kama Italia. Rosmarie akanivika. Ameolewa nami miaka arobaini na sita, hajawahi kunivika soksi. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwambia ni hali ya hewa.

"Hali ya hewa gani inaingia mguu mmoja?"

Jumatatu, 16 Januari

Daktari kanionyesha picha. Nyonga ya kushoto imelika. Anasema mfupa unasaga mfupa. Nisiiname kupita kiuno, nisichuchumae, nijiandikishe kubadilishiwa. Foleni ni mpaka Septemba. Nikamuuliza kama kuteremka na ubao kunaruhusiwa. Akasema kuteremka si tatizo, kuteremka unasimama tu. Tatizo ni kuinama.

Kijana mweupe, mikono laini. Hajui alichonitamkia.

Jioni nimefunga ubao kwenye sakafu ya banda kwa skrubu mbili, nikavaa mabuti, nikajaribu. Zamani nilikuwa sekunde tisa, miguu yote miwili, wima, upepo ukivuma. Leo mkono umeishia chini kidogo ya goti. Nikavuta pumzi, nikaushusha kwa nguvu. Nikaangukia kreti la viazi.

Rosmarie kapiga kelele kutoka jikoni: kuna nini huko?

Nikamwambia panya.

Nimekaa juu ya viazi nafikiri. Alhamisi ni keshokutwa na siku moja. Nikisema naumwa, Ottmar atauliza wapi. Nikikaa theluji mara tatu, Ottmar ataandika mara tatu kwa mwandiko ule wa posta. Kikombe changu kiko pale tangu 1987, mpini umeunganishwa kwa gundi mara mbili. Na bila meza ile ya kona Alhamisi ni siku gani? Ni siku ya kutoa takataka.

Kwa hiyo ni vifungio. Nibadilishe vifungio.

Kanyaga-twende vingenifaa kabisa, hata mfu angeweza kuvifunga. Lakini havina mikanda, na sheria inasema mikanda, na sheria imeandikwa na punda mmoja ninayemfahamu vizuri. Vinabaki vile vya mlango wa nyuma: kiegemeo cha kisigino kinalala chini, unasukuma mguu kama kwenye ndara, kinanyanyuliwa, basi. Mikanda ipo. Unaipima mara moja mwanzo wa msimu, huigusi tena. Kisheria ni halali.

Tatizo: vinauzwa sehemu moja tu bondeni. Kwa Regina. Binti ya Wendelin. Mimi ndiye baba yake wa ubatizo.

Jumatano, 18 Januari

Nilikwenda saa sita mchana, nikijua duka litakuwa tupu. Lilikuwa na Waholanzi tisa.

"Baba wa ubatizo," Regina kasema. Sauti ya asali. "Umenikumbuka leo. Mara ya mwisho ilikuwa komunyo yangu ya kwanza."

Nikamwambia nataka kuona vifungio vya mlango wa nyuma. Vya zawadi.

"Zawadi ya nani?"

"Rosmarie."

"Mama Rosmarie hajawahi kukanyaga ubao. Na mguu wake si saizi arobaini na nne." Akaniangalia kuanzia kofia mpaka mabuti, polepole, kama babake anavyokagua paa kabla ya kutaja bei. Kisha akaweka mbao tatu kwenye zulia, katikati ya duka. "Huwezi kununua kifungio bila kukijaribu. Wewe ndiye uliyenifundisha. Anza na vya mikanda, unavyovijua."

"Vya mikanda ninavyo nyumbani."

"Nimezisikia tangu utotoni, baba. Nionyeshe zile sekunde tisa."

Akawageukia Waholanzi akawaambia kwa Kiingereza kwamba huyu mzee ni wa kwanza bondeni, atawaonyesha. Wakakusanyika. Mmoja akatoa simu.

Ningeweza kutoka. Ningemwambia nina haraka, Rosmarie anangoja na tambi za jibini zinapoa. Lakini tisa walikuwa wananitazama na mimi ni mjinga wa kutazamwa. Nikaweka mguu. Nikainama. Mkono ukafika pale pale pa banda, chini kidogo ya goti, ukasimama. Nikauacha unaning'inia hapo kama nimesahau kitu. Jasho. Mholanzi mwenye simu akashusha simu yake mwenyewe, bila kuambiwa – hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Regina hakucheka. Kama angecheka ningemsamehe.

"Sasa hivi," akasema. Vya mlango wa nyuma. Mguu ukaingia vizuri. Lakini kiegemeo kikilala, kiko chini nyuma ya kisigino, na cha kukinyanyulia ni mkono wako. Nikageuza kiuno. Nyonga ikalia, kila mtu akasikia.

"Na hivi." Kanyaga-twende. Akanivalisha mabuti yake maalumu, akapiga magoti mwenyewe kunifungia. Nikakanyaga kisigino – ta. Vidole – ta, ta. Nimesimama wima kama askari. Sijawahi kufunga haraka hivyo hata nikiwa na miaka thelathini. Nilikaribia kulia, mjinga mimi.

"Ndiyo dawa yako hii," Regina kasema. "Pole tu kwamba kuna sheria."

"Sheria gani?"

"Ile uliyomtungia baba yangu. Hivi nilimwagizia Oktoba, saizi yake. Vikakaa kwenye boksi kwa sababu yako."

Nikasema nachukua vya mlango wa nyuma.

"Utavifungaje?"

Akaenda nyuma, akarudi na kamba nyembamba ya kupandia milima. Akaifunga kwenye kiegemeo, kushoto na kulia, akapima mpaka usawa wa paja langu, akaacha kitanzi. Unasukuma mguu, unavuta kitanzi, kiegemeo kinanyanyuka, kinalia, umefunga. Hakuna kuinama. Fundo ni la mafundi wa paa, la babake.

"Kwa nini unanisaidia?" nikamuuliza.

"Nani kasema nakusaidia? Nataka uendelee kwenda kwenye meza ile ya kona kila Alhamisi."

Njia nzima nimekuwa nikilifikiria neno hilo. Nimeikagua kamba mara nne. Haina kasoro.

Alhamisi, 19 Januari

Theluji mpya hatimaye! Sentimita arobaini, baridi kumi na nne chini ya sifuri, kavu kama unga. Nimevuta kitanzi cha kushoto, kikalia. Nimevuta cha kulia, kikalia. Sekunde sita. Nikawangoja wenzangu, mikono kiunoni.

Ottmar anafunga mikanda yake kama anafunga kifurushi cha kwenda ng'ambo. Mkanda wa juu, anaukaza, anaangalia, anaukaza tena. Alipomaliza akaja kunizunguka.

"Kamba hizo ni za nini?"

"Za kubebea."

"Zina kitanzi."

"Mikono yangu ina vidole, Ottmar. Kitanzi ni kwa ajili ya vidole."

Akatoa sheria kwenye koti. Anatembea nayo! Akaisoma yote, midomo inatikisika. Mikanda ipo? Ipo. Amesimama? Amesimama. Akaikunja akairudisha. Hakuridhika, nilimwona.

Wakati huo Fidel alikuwa amekaa chini. Hakujitetea, amekaa tu kwenye theluji anafunga mikanda taratibu kama mtoto wa chekechea. Ya pili hiyo kwake, ya kwanza ilikuwa Desemba siku moja na Wendelin. Ottmar akaandika. Nikamwambia Fidel, "Bado moja, na Notburga amekwisha kuanza kukitafutia kikombe chako maua." Akacheka kidogo. Fidel hucheka kila unachomwambia tangu mkewe afe, huwezi kujua kama amesikia.

Chini ya mti wa tatu tukampita Wendelin. Yuko kwenye mteremko wa wanaojifunza, na kanyaga-twende miguuni, kati ya wamama wawili wa Kijerumani. Mmoja kaanguka, Wendelin kamwinua, kisha ta, ta, wameondoka wote, anacheka tumbo linatikisika. Hakutuona. Au alituona.

Supu ya shayiri leo ilikuwa na chumvi nyingi.

Alhamisi, 26 Januari

Nitaandika kama ilivyokuwa, hakuna anayesoma.

Juu, jua. Nimefunga, sekunde sita. Ottmar akasimama mbele yangu na mikanda yake haijafungwa, anaangalia kamba. Akasema, "Nimefikiria wiki nzima. Sheria inasema afunge mikanda. Wewe hufungi mikanda, Gebhard. Mikanda yako imefungwa tangu nyumbani. Wewe unafunga mlango."

Mtu wa posta. Wiki nzima anafikiria hilo, mbele ya redio, na chai yake ya mnanaa.

Alikuwa tayari anaingiza mkono kutoa daftari. Na nyuma yake, hatua kumi, Fidel alikuwa anakaa. Polepole, mkono mmoja chini kwanza, anajificha nyuma ya nguzo ya lifti ya viti. Ottmar asingemwona. Fidel aliniona nikimwona. Akaweka kidole mdomoni, hivi, kama watoto kanisani.

Nikasema, kwa sauti, "Ottmar, geuka. Fidel amekaa."

Akageuka. Daftari likatoka, lakini kwa Fidel: ya tatu. Kamba zangu zikasahauliwa.

Fidel alimaliza kufunga, akasimama, akajipangusa. Kibandani akakishusha kikombe mwenyewe, hakungoja mtu, akakifuta kwa leso. Notburga akamwambia akae, akae popote, kibanda ni chake yeye Notburga na si cha Ottmar wala cha wilaya. Fidel akasema hapana, sheria niliipigia kura na mimi. Kisha akanigeukia. "Ulikuwa na haraka gani, Gebhard? Mimi Alhamisi ndiyo siku pekee ninayoongea na watu."

Nikamjibu, "Basi leo umeongea."

Ottmar alicheka. Mimi pia nilicheka. Meza ya kona ina viti kumi na kimoja, tulikaa kwenye viwili, mbalimbali, tukala. Hatukuwa na la kuambiana. Sijawahi kumpenda Ottmar. Nadhani hata wazazi wake walimvumilia tu.

Jumapili, 29 Januari

Misa. Fidel na Wendelin wamekaa benchi moja. Baada ya misa wameondoka pamoja kwenye gari la Regina. Mbao mbili juu ya gari.

Rosmarie amesikia kila kitu kwa Notburga. Asubuhi soksi ilikuwa mkononi mwake, akaiweka juu ya kabati.

"Mwombe Ottmar akuvike," akasema.

Nimeivaa kwa koleo la makaa. Dakika ishirini. Kisigino kimekaa juu ya mguu, nimekiacha hapo hapo.

Alhamisi, 2 Februari

Naandika juu mlimani, daftari hili nimeliweka kwenye mfuko wa koti tangu asubuhi. Naandika nikiwa nimesimama. Penseli inalowa.

Joto limepanda usiku. Theluji ni ya maji, nzito kama ugali wa jana, na ukungu umeshuka. Tulipanda na kabini ya saa saba mchana, sisi wawili tu. Nilishusha ubao, nikasukuma mguu wa kushoto, nikavuta kitanzi. Kikalia. Mguu wa kulia nao ukaingia, nikavuta. Hakikulia. Nikavuta tena. Theluji imejisokota chini ya kisigino, ndani, imekuwa kama jiwe, na kiegemeo hakipandi. Kuitoa ni kazi ya kidole kimoja. Kidole, na mgongo wa kukipeleka huko chini.

Nikatikisa mguu. Nikaupiga mguu. Nikautemea mate.

Ndipo nikaona kwamba Ottmar naye hajafunga. Kasimama hatua tatu kutoka kwangu, ubao mbele yake, mikanda wazi, mikono kwenye mifuko. Nilidhani ananingoja nikosee. Nikangoja. Naye akangoja. Robo saa. Kisha nikaona jinsi anavyosimama: ameelekea upande mmoja, kama mlango uliotoka bawaba, na kila akipumua anakunja uso.

"Mgongo?" nikamuuliza.

"Mgongo gani?"

"Basi funga."

"Funga wewe."

Saa nane na nusu kijana wa doria akapita, akatuuliza wazee mnangoja nini hapa. Tukasema kwa pamoja: mandhari. Kijana akatazama ukungu. Huoni hata ncha ya ubao wako. Akatuambia lifti zinafungwa saa kumi, kabini ya mwisho kuteremka ni kumi na robo, akaenda zake. Kabini ni sawa na kukaa mara tatu.

Saa tisa, Wendelin na Fidel wakatokea kwenye ukungu, wote na kanyaga-twende. Ta, ta. Ta, ta. Fidel ana mabuti mapya ya rangi ya machungwa. Wendelin akasimama, akaniangalia mguu, akamwangalia Ottmar mgongo. Fundi wa paa, anajua kitu kilichopinda.

"Mnashuka?" akauliza.

"Mara moja," nikasema. "Tangulieni."

Fidel akafungua mdomo kusema kitu. Wendelin akamshika begani. Wakaondoka. Tuliwasikia wakicheka mpaka kona ya kwanza, halafu hatukusikia kitu.

Sasa ni kumi kasoro dakika tano. Soksi yangu imelowa. Midomo ya Ottmar ni ya buluu. Amelitoa daftari, ameliangalia, amelirudisha, amelitoa tena.

Amezungumza sasa hivi, bila kunitazama.

"Gebhard. Tukikaa wote wawili kwa wakati mmoja, nani ataandika?"

Anaomba. Ottmar anaomba. Miaka thelathini na sita ninamjua mtu huyu, hajawahi kuomba hata chumvi. Ni kweli anachosema: tukikaa pamoja, hakuna shahidi, tunafunga, tunashuka, tunakula supu. Nyonga inanidunda kama kuna mtu ndani anagonga atoke. Jambo lenyewe ni dogo sana.

Nimemwambia: anza wewe.

Ananitazama. Lifti imesimama.